Dick Tiger na Ratili 15

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano, alitaka niandike habari za utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba habari za mafaili na vikao husomwa na wale wanaolipwa kuzisoma, na kwamba mimi nina deni jingine hapo shuleni. Deni lenyewe ni la kijana mmoja wa kidato cha tatu. Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula, baadhi yetu tulikwenda kuwatazama wanafunzi wakifanya mazoezi ya ndondi nyuma ya bwalo, mahali palepale ambapo sisi tulikuwa tukining'iniza gunia letu la mchanga. Kijana huyo ni mwembamba, na mikono yake ni myepesi ajabu. Aliniuliza kama ni vibaya apande uzito, kwa kuwa katika uzito wake hana mtu wa kupambana naye, na katika uzito wa juu yake nafasi ipo. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumjibu, kengele ikalia, naye akaondoka mbio.

Jibu nililotaka kumpa ni maisha ya mtu mmoja. Jina lake Dick Tiger, bondia wa Nigeria, ambaye amekwisha kufa zaidi ya nusu karne sasa. Wenzangu wa rika langu mtakuwa mmelisikia jina hilo kwa wazazi wenu. Ninyi wadogo zetu mlioko madarasani huenda hamjalisikia kabisa, wala si kosa lenu.

Kabla ya kumfikia, niseme ni kwa nini jambo hili linanigusa. Mimi mwenyewe nilipanda uzito mara moja katika maisha yangu, nikiwa kidato cha tano. Nilikuwa na kilo 60 kasoro, nikajiandikisha kupambana na watu wa kilo 67, na wala hakuna aliyenilazimisha. Katika raundi ya kwanza nilimpiga yule mwenzangu makonde matano au sita safi kabisa, yale ambayo kwa watu wa uzito wangu yalikuwa yanatosha kuwafanya wapepese macho. Yeye alinitazama tu kama mtu anayesubiri basi. Katika raundi ya pili alianza kunikumbatia na kuniegemea kwa uzito wake wote, na mikono yangu ikawa mizito kama ndoo zilizojaa maji. Ya raundi ya tatu siyakumbuki vizuri. Pua yangu mpaka leo imeelekea kushoto kidogo, na waliolala nami bweni moja wanajua sababu.

Nilipofika nyumbani likizo, marehemu baba aliitazama ile pua kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Alikuwa karani wa kawaida aliyependa sana kusikiliza redio, na jioni ile alinisimulia habari za Dick Tiger tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye, nilipokuwa chuo kikuu na maktaba ikawa karibu, nilizitafuta habari hizo mwenyewe na kuona kwamba Mzee hakuwa ametia chumvi nyingi.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Richard Ihetu. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1929 huko Amaigbo, katika nchi ya Waigbo mashariki ya Nigeria, mahali ambapo leo ni Jimbo la Imo. Ujana wake aliupitia katika mji wa Aba, mji wa masoko, akifanya biashara ndogondogo na kujifunza ngumi. Alianza kupigana kwa malipo mwaka 1952. Mwishoni mwa mwaka 1955 alikwenda Liverpool, Uingereza, kama alivyokuwa amefanya Mnigeria mwenzake Hogan Bassey kabla yake, na huko akakaribishwa vibaya: alishindwa mapambano yake manne ya kwanza mfululizo. Wengi wangefunga mizigo. Yeye alibaki. Mwaka 1957 alimpiga Terry Downes, kijana wa London ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Machi 1958, hapohapo Liverpool, alimwangusha Pat McAteer katika raundi ya tisa na kuchukua ubingwa wa uzito wa kati wa nchi za Himaya ya Kiingereza. Mwaka 1959 akavuka bahari kwenda Marekani.

Umbo lake ndilo msingi wa habari yote. Tiger alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 8, yaani kama sentimita 173. Kwa mtu wa uzito wa kati huo ni ufupi. Lakini alikuwa na kifua kipana, shingo nene, na miguu iliyokaa sakafuni kama mizizi. Hakuwa mtu wa kuruka ruka. Alikuwa anasonga mbele hatua kwa hatua, mikono juu, mpaka amkaribie mpinzani, na hapo ndipo konde lake la kushoto la kuzungusha lilipofanya kazi, mara kwenye mbavu, mara kwenye taya. Nyumbani kwa wazungumzaji wa ndondi huitwa mtu wa kuvunja mawe.

Tarehe 23 Oktoba 1962, huko San Francisco, alimshinda Gene Fullmer kwa pointi katika raundi 15 na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Siku hiyo dunia nzima ilikuwa inatazama Cuba na makombora ya Warusi, kwa hiyo habari za ngumi hazikupata nafasi kubwa. Walirudiana Las Vegas Februari 1963, wakatoka sare. Mara ya tatu Fullmer ndiye aliyesafiri: tarehe 10 Agosti 1963 walikutana Ibadan, katika Uwanja wa Liberty, ambao siku hizi unaitwa Uwanja wa Obafemi Awolowo. Lilikuwa pambano la kwanza la ubingwa wa dunia kufanyika Nigeria, nchi iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Baada ya raundi ya saba Fullmer hakuinuka tena kutoka kwenye kiti chake, na hakupigana tena maishani. Baba alisema kwamba siku zile kila mtu mweusi aliyekuwa na redio alijiona naye ana mkanda kiunoni.

Desemba ya mwaka huohuo Joey Giardello alimnyang'anya ubingwa kwa pointi, kisha akamweka akisubiri karibu miaka miwili kabla ya kukubali kurudiana. Katika kusubiri huko Tiger alimpiga Rubin Carter, yule aliyeitwa Kimbunga, na kumwangusha mara tatu usiku mmoja. Oktoba 1965 akamshinda Giardello na kurudishiwa mkanda wake. Alikuwa na miaka 36.

Sasa tunafika penye mambo ya uzito, na ningependa yule kijana wa kidato cha tatu asome hapa taratibu.

Tarehe 25 Aprili 1966 Tiger aliutetea ubingwa wake dhidi ya Emile Griffith. Griffith alikuwa bingwa wa uzito wa welta, ambao mwisho wake ni ratili 147. Alipanda kuja kutafuta ubingwa wa ratili 160, na siku hiyo alikuwa mwepesi kuliko Tiger kwa karibu ratili 10. Kwa hesabu za mizani peke yake, Griffith alikuwa anajitafutia maafa. Lakini Griffith alikuwa na kasi, alikuwa na mikono iliyojua kazi, na alikuwa kijana zaidi kwa karibu miaka tisa. Katika raundi ya tisa alimwangusha Tiger, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na mwishoni majaji walimpa ushindi. Wengi waliokuwepo hawakukubaliana nao, lakini mkanda ulikwenda.

Kwa hiyo Tiger, mtu mzima, alishindwa na mdogo aliyepanda. Alipotaka kurudiana, Griffith alikuwa na mipango mingine. Alimpa nafasi Joey Archer, si mara moja bali mara mbili. Tiger alikuwa anakwenda kwenye miaka 37, ana mke na watoto wengi nyumbani, hana mkanda, na mlango wa uzito wake umefungwa. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa juu: uzito ambao mabondia wetu huuita laiti-hevi, yaani uzito wa juu mwepesi, ambao mwisho wake ni ratili 175. Kutoka 160 hadi 175 ni ratili 15, karibu kilo saba. Ukiziweka kwenye mfuko wa sukari utazibeba kwa mkono mmoja bila shida. Ukipigwa nazo ni jambo jingine.

Nieleze, kwa sababu watu hufikiri kupanda uzito ni kula tu. Zile ratili zinaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzijenga, kwa chakula na kunyanyua vitu vizito, na hapo hatari ni kwamba miguu iliyozoea kubeba mwili mmoja sasa inabeba mwingine. Pumzi hupungua katika raundi za mwisho, na kasi, ambayo ndiyo mali ya mtu mdogo, huliwa na nyama mpya. Ya pili ni kutozijenga, bali kupanda na mwili wako uleule na kukubali kuwa mwepesi. Hapo unabaki na kasi na pumzi, lakini kila konde unalopigwa lina watu wawili nyuma yake, na kila konde unalopiga linapungua thamani, kama nilivyoona mimi kwa yule bwana wa kilo 67. Tena kuna kitu kisichopatikana kwa njia yoyote. Mtu hawezi kuongeza urefu wa mkono wake. Mabondia wa juu kwa kawaida ni warefu zaidi, na wana uwezo wa kukupiga wakiwa mahali ambapo wewe huwafikii.

Kuna faida moja, nayo ni ya kweli. Siku hizo mabondia walipimwa uzito siku ileile ya pambano, kisha usiku wakaingia ulingoni. Aliyejikausha maji ili atimize uzito hakuwa na muda wa kuyarudisha. Siku hizi hupimwa siku moja kabla, na wengine hurudisha ratili nyingi usiku mmoja. Kwa hiyo wakati wa Tiger, mtu aliyepanda uzito angalau aliingia ulingoni akiwa ameshiba na damu yake ikiwa nyepesi, wakati mkubwa mwenzake huenda alishinda na kiu.

Lakini mifano ya kuogofya ilikuwepo, na kila bondia wa New York aliijua. Sugar Ray Robinson, ambaye wengi wanasema hajatokea bondia kama yeye, alipanda kutoka uzito wa kati Juni 1952 kupambana na Joey Maxim, bingwa wa laiti-hevi, katika Uwanja wa Yankee. Robinson alikuwa anaongoza kwa pointi. Joto la usiku ule lilikuwa kali mno, kiasi kwamba hata mwamuzi alizidiwa akabadilishwa. Maxim hakufanya mengi ila kumwegemea. Baada ya raundi ya 13 Robinson hakuweza kuinuka kwenye kiti. Katika maisha yake marefu ya ngumi hiyo ndiyo mara pekee aliyoshindwa kabla ya kengele ya mwisho.

Tiger aliyajua hayo. Alipanda hata hivyo, na akachagua njia ya pili: hakujaza mwili. Tarehe 16 Desemba 1966, katika Madison Square Garden, alipanda mizani akiwa na ratili 167, dhidi ya José Torres mwenye ratili 175. Torres alikuwa Mpuertoriko aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, hodari wa mikono, tena mwenye akili. Baadaye aliandika vitabu. Lakini hapa kuna jambo ambalo nadhani Tiger na watu wake walilipima vizuri kuliko mizani. Torres mwenyewe alikuwa ametoka uzito wa kati. Alikuwa mkubwa, lakini si mrefu wa kutisha. Alimzidi Tiger kwa inchi mbili tu. Tiger alikuwa na uwezo wa kumfikia. Usiku ule alimfikia, raundi baada ya raundi, kwa hatua zake zilezile za mvunja mawe, na baada ya raundi 15 alitangazwa bingwa wa dunia wa uzito wa pili. Walirudiana tarehe 16 Mei 1967. Safari hii majaji waligawanyika, Tiger akapewa ushindi kwa tofauti ndogo, na mashabiki wa Torres wakarusha chupa ulingoni.

Kama habari ingeishia hapo ningemwambia yule kijana apande kesho asubuhi.

Wiki mbili baada ya pambano hilo la pili, tarehe 30 Mei 1967, Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba mashariki ya Nigeria imejitenga na kuwa nchi ya Biafra. Mwaka uliotangulia maelfu ya Waigbo walikuwa wameuawa kaskazini ya Nigeria, na walionusurika wakakimbilia kwao. Julai vita vikaanza. Tiger alikuwa Mwigbo. Fedha zake nyingi alizokuwa amepata kwa jasho na damu alikuwa hakuzila New York. Aliishi huko kwa kubana matumizi sana, na akiba yake akaitia katika majumba na biashara nyumbani. Vita vilizimeza. Yeye mwenyewe alijiunga na jeshi la Biafra, akapewa kazi ya kuwafundisha askari mazoezi ya viungo na kuwatia moyo. Akawa anatoka katika nchi iliyozingirwa, anakwenda Marekani kupigana, kisha anarudi. Novemba 1967, huko Las Vegas, alimshinda Roger Rouse katika raundi ya 12.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia, na ndipo baba aliposhusha sauti katika kusimulia. Tarehe 13 Aprili 1968 Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wengi ndani ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika walishangaa, na mpaka leo wataalamu wa historia wanabishana kama alifanya sawa. Mimi ni mtumishi wa serikali na sitatoa hukumu hapa. Ninachojua ni kwamba kwa baba na vijana wenzake wa wakati ule, bingwa wa dunia wa laiti-hevi alikuwa ghafla raia wa nchi rafiki. Wiki sita baadaye alikuwa na pambano, nao walilingojea kama la ndugu yao.

Mpinzani alikuwa Bob Foster wa Albuquerque. Foster alikuwa na miaka 29. Tiger alikuwa na 38. Foster alikuwa na kimo cha futi 6 na inchi 3, yaani alimzidi Tiger kwa inchi saba nzima, na mikono yake ilikuwa mirefu kuliko hata kimo chake kilivyodai. Tofauti ya mizani haikuwa kubwa, ni ratili chache tu, pungufu ya zile alizozidiwa na Torres. Ndiyo maana nasema mizani peke yake hudanganya. Torres alikuwa mtu wa uzito wa kati aliyenenepa kidogo. Foster alikuwa laiti-hevi wa kuzaliwa, mfupa mrefu usio na nyama ya bure, na mkono wake wa kushoto ulikuwa miongoni mwa mikono hatari kabisa ya zama zile.

Katika mwezi huohuo wa Mei, Port Harcourt, bandari ya Biafra, ilianguka mikononi mwa jeshi la serikali ya Nigeria. Sijui mtu anafanyaje mazoezi na habari kama hizo. Tarehe 24 Mei 1968 Tiger aliingia ulingoni Madison Square Garden na kufanya alichofanya siku zote: alisonga mbele. Ila safari hii kila hatua aliyopiga ilikutana na konde la kunyoosha kabla hajafika anakokwenda. Raundi tatu zilipita namna hiyo. Katika raundi ya nne Foster alimtangulizia mkono wa kulia, kisha akaleta kushoto ya kuzungusha, na Tiger akaanguka chali. Alihesabiwa mpaka kumi. Alikuwa amepigana kwa malipo miaka 16, akapambana na kila mpigaji mkali wa uzito wake, na hakuwa amewahi kuhesabiwa mpaka mwisho. Wala haikutokea tena baada ya hapo.

Nimewahi kubishana na rafiki yangu mmoja, naye ni wa shule hii, anayeshikilia kwamba Tiger alikosea kupanda, kwamba angebaki uzito wa kati na heshima yake. Sikubaliani naye. Angebaki wapi, ikiwa mlango umefungwa? Kupanda kulimpa ubingwa wa pili, mapambano manne ya ubingwa na malipo yake, wakati ambapo fedha hizo zilikuwa chakula cha watu wengi kuliko watoto wake. Lakini sikubaliani pia na wale wanaosema kwamba usiku wa Foster ulikuwa uzee tu. Miezi mitano baadaye, Oktoba 1968, mzee huyohuyo alipambana na Frankie DePaula, kijana mwenye kishindo. Aliangushwa mara mbili katika raundi ya pili, akainuka, akamwangusha DePaula mara mbili katika ya tatu, na kushinda kwa pointi. Jarida la The Ring lililitaja kuwa pambano la mwaka. Mei 1969 alimpiga Nino Benvenuti wa Italia, ambaye wakati huo ndiye bingwa wa dunia wa uzito wa kati, na ambaye safari hiyo ndiye aliyekuwa amepanda. Benvenuti aliumia mkono mapema, ni kweli, lakini Tiger alikuwa na miaka 39. Uzee haukuwa umemmaliza. Alichokikuta kwa Foster ni kile kitu kisichoongezwa kwa chakula wala kwa mazoezi.

Na Foster naye? Alitetea ubingwa wake mara nyingi na hakuna laiti-hevi aliyemng'oa. Lakini hata yeye alivutiwa na juu. Novemba 1970 alipanda kumkabili Joe Frazier, akalazwa katika raundi ya pili. Novemba 1972 alipanda tena kumkabili Muhammad Ali, ambaye alimzidi kwa ratili zaidi ya 40. Alimchana Ali juu ya jicho, lakini aliangushwa mara kwa mara, na katika raundi ya nane ikawa mwisho. Yule aliyekuwa jitu mbele ya Tiger akawa mwembamba kama fito mbele ya watu wale.

Tiger alipigana mara ya mwisho tarehe 15 Julai 1970, na aliyemshinda, kwa pointi, ni Griffith tena. Biafra ilikuwa imesalimu amri Januari ya mwaka ule. Mwezi mmoja kabla, Desemba 1969, alikuwa amerudisha kwa serikali ya Uingereza nishani ya MBE aliyotunukiwa, kwa kuchukizwa na msaada wa Waingereza kwa upande wa pili wa vita. Mtu aliyefanya hivyo na aliyevaa sare za Biafra hakuwa na uhakika wa kupokelewa nyumbani, kwa hiyo alibaki New York. Bingwa wa dunia mara tatu akaomba kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, akasimama humo akilinda picha na sanamu. Baba alipofika hapo alisema kwamba ni kazi halali kama nyingine, kisha akanyamaza. Mimi pia, kila nikiwaona walinzi mlangoni pa ofisi yetu, hujiuliza walikuwa nani zamani.

Mwaka 1971 madaktari waligundua kwamba ana saratani ya ini. Alirudi nyumbani, na tarehe 14 Desemba 1971 alifariki Aba, mji aliojifunzia ngumi, akiwa na miaka 42. Mwaka 1991 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Heshima la Ndondi huko Marekani.

Kijana wa kidato cha tatu, nimemwandikia mwalimu wenu wa michezo kwamba siku ya mkutano ujao nitakuja mapema, kabla ya ibada na hotuba. Nitakuja na mizani. Lakini nitakuja pia na futi ya fundi cherehani, na mtu wa kwanza nitakayempima urefu wa mikono si wewe, ni yule unayetaka kupambana naye.